Kuvua besi Naivasha kwa boti ya kukodi: uzoefu wangu

Ukitaka kukodi boti ya kuvulia besi (samaki aitwaye bass kwa Kiingereza) Ziwa Naivasha, ulizia nahodha kwanza, injini baadaye. Nasema hivi baada ya kushinda ziwani mwezi wa Aprili, mvua za masika zikiwa zimeanza, siku iliyotupa jua, upepo, mvua kubwa na jua tena kabla ya saa kumi.

Boti tuliikodi kwenye gati moja kando ya barabara ya Moi South Lake. Bei hupangwa kwa boti, si kwa kichwa, kwa hivyo mimi na binamu yangu tuligawana. Fimbo na rili zilikuwa ndani ya bei hiyo, chambo tulijibebea. Leseni za uvuvi walitushughulikia wenyewe, tukazikuta tayari. Kwa hilo sina neno.

Tuliondoka mapema maana Naivasha hutulia asubuhi, upepo huamka baadaye. Mzee wetu, yaani nahodha, hakuelekea katikati ya ziwa. Alitupeleka moja kwa moja kwenye migunga mikavu. Maji yalipopanda sana mwaka wa 2020, miti iliyokuwa nchi kavu ilifunikwa ikafa, na sasa imesimama ziwani, matawi yamejaa ndege aina ya mnandi. Besi anapenda sana mahali kama hapo. Si samaki wa kufukuza chakula kutwa nzima. Hujibanza kivulini, penye gogo au ukingo wa mafunjo, akisubiri kitu kipite karibu.

Na kinachopita sana ni kamba wekundu, wale wa maji baridi wenye gamba gumu. Besi aliletwa hapa kutoka Marekani mwaka wa 1929, na kamba hao, wenye asili ya huko huko, wakaingizwa ziwani mwaka wa 1970. Ndiyo maana mzee alipofungua kisanduku changu aliviacha vyambo vyote vya kung'aa, akachukua mnyoo wa mpira wa rangi ya hudhurungi, inayofanana na kamba.

"Huyu ndiye chakula chao," akaniambia. "Mwache azame mwenyewe, kijana wangu. Usimvute."

Aliifunga taratibu ili nione. Ndoano aliingiza kichwani mwa mnyoo, akaitoa kidogo tu chini yake, akaigeuza, kisha ncha akaificha tena ndani ya mwili ili isinase kwenye magugu. Mbele yake kipande kidogo cha risasi cha kuuzamisha. Unarusha kando ya shina, unaulegeza mshipi, unautazama huo mshipi wala si fimbo. Ukiona unatembea kando, vuta kwa nguvu. Besi wangu wa kwanza alipanda hivyo: mgongo wa kijani kibichi, mstari mweusi ubavuni, taya refu kupita jicho. Mzee alimshika mdomo wa chini kwa kidole gumba, na samaki akatapika nusu ya kamba, gamba likiwa bado gumu.

Kufika saa nne wingu zito likatokea upande wa milima ya Mau. Mwanga ulipofifia besi wakatoka mafichoni, wakawa wanawinda wazi kwenye maji ya juu. Tukabadilisha, tukafunga chambo chenye bati linalozunguka, na kwa muda ule kila tukirusha tulihisi kitu. Sijawahi kuona besi wakila namna ile.

Samaki wakiwa bado wanakula, mzee akawasha injini.

"Mzee, tupe dakika kumi tu," binamu yangu akamsihi.

"Samaki watakuwepo. Kusanyeni mishipi."

Hakubishana zaidi. Ziwa hili halina kina kirefu sehemu nyingi, upepo ukilipiga mawimbi hupanda haraka. Tulikuwa ndiyo kwanza tumejikinga nyuma ya mafunjo pale maji ya kule tulikotoka yalipogeuka meupe kwa povu, mvua ikamwagika. Hata njiani alizunguka mbali ili asipite kati ya viboko na maji ya kina. Kwa uamuzi ule peke yake, pesa yangu nilihisi imerudi.

Baada ya mvua jua lilikuwa kali na besi wakanyamaza. Tuliambulia wachache kwenye vivuli vizito, tena kwa subira nyingi. Wakubwa tuliwarudisha majini. Mzee husisitiza hilo, kwa sababu nyavu za ziwani siku hizi hunasa kapu wengi, samaki aliyeanza kuonekana mwaka wa 2001, na besi anastahili kutunzwa.

Malalamiko yangu ni kwa wenye boti. Jaketi moja la kuokolea lilikuwa na kifungo kilichovunjika, na lilibadilishwa baada ya sisi kudai. Jambo hilo halifai kabisa kwenye ziwa lenye upepo kama huu. Fimbo moja nayo pete yake ya juu ilikuwa na ufa, ikanikatia mshipi besi mzuri akiwa karibu kabisa na boti. Turubai ya kufunika mizigo haikuwepo.

Bado nitarudi, na nimeshaomba mzee yule yule. Ukienda, kagua jaketi na pete za fimbo mkiwa bado gatini, beba koti la mvua na minyoo ya rangi ya kamba, na sisitiza kuondoka alfajiri. Wakikwambia boti itapatikana saa nne, tafuta gati nyingine.