Kozi ya tuishou ya mtandaoni: nunueni wawili au msinunue

Tai chi ya peke yako, ile ya kuzungusha mikono taratibu alfajiri, hata video za bure zinaweza kukufikisha mahali. Tuishou, mazoezi ya tai chi ya watu wawili, ni kazi nyengine. Watu wawili wanasimama wakitazamana, mikono imegusana kwenye vifundo, wanazungushana, na kila mmoja anatafuta pale mwenziwe alipokakamaa ili amng'oe kwenye miguu yake. Hapigwi mtu.

Unguja sijapata mwalimu wake. Judo tunayo, karate tunayo. Madaktari wa Kichina wapo visiwani tangu 1964, na mmoja wao niliyemwuliza alinionyesha kwa raha zote ule mfuatano wa tai chi wa mitindo 24 uliotungwa China mwaka 1956 kwa ajili ya watu wote. Nilipomtajia tuishou akacheka, akasema hiyo yeye hakufundishwa. Basi nikalipia kozi, dola 24 kwa mwezi, ya mwalimu wa Yang, mmoja wa mitindo ya tai chi, anayeishi Ulaya. Jina silitangazi, kwa sababu mengi nitakayoyasema yanazigusa kozi zote za namna hii.

Mimi ni mtu wa judo wa zamani, magoti yamekwisha. Mwenzangu ni mpwa wangu, anayeendesha boti ya watalii kwenda kisiwa cha Changuu, na mchana akikosa abiria hunikuta uani kwangu.

Daraja la kwanza ni zuri, nalisema bila kusitasita. Linaanza na kusimama tu, halafu mkono mmoja kwa mzunguko wa ubavuni, kisha wa wima, kisha mikono miwili, ndipo mnaingia kwenye zile nguvu nne: peng (kubeba na kukinga), lü (kupisha kwa kuvuta nyuma), ji (kubana) na an (kusukuma). Mwalimu haharakishi. Kilichonifurahisha zaidi ni sehemu ya makosa, ambapo watu wawili wa kawaida, tumbo mbele na jasho usoni, wanafanya kila upuuzi ambao na sisi tulikuwa tukiufanya siku ile ile: kuinua mabega, kuuacha mkono unasagwa hadi kifuani, kuegemea. Video za mabingwa hazikufundishi hayo, kwa sababu bingwa hakosei mbele ya kamera.

Kuegemea ndiyo maradhi ya wasio na mwalimu. Unadhani unasukuma, kumbe umemkabidhi mwenzako uzito wako wote na yeye amekushikilia kwa ukarimu. Mpwa wangu aliligundua kabla yangu: "Mjomba, hapa unanisukuma au unanilalia?" Dawa ya kozi ni rahisi. Mwenzako aondoe mkono ghafla bila taarifa. Ukijikwaa mbele, ulikuwa umelala. Nyengine ni mizani ya kupimia uzito, ile ya kusimama juu yake: mnaiegesha ukutani, unaibonyeza kwa kiganja, unatazama sindano. Mwalimu anataka mguso wa mazoezi usivuke kilo 2. Mara ya kwanza mpwa wangu aliipeleka sindano hadi kilo 19 na akaapa kwamba amegusa tu. Mkono unaovuta nanga hauna habari ya kilo 2.

Hapo nina neno na wazee wa Kichina. Wimbo wao wa kale wa tuishou unasema liang nne zinahamisha jin elfu moja. Kwa vipimo vya China ya leo hizo ni gramu 200 kuhamisha kilo 500. Nusu tani! Sijaiona uani kwangu. Lakini maana yake nimeionja: mtu akija na nguvu nyingi kwa mstari mmoja, kuigeuza kidogo pembeni kunatosha, aendelee na safari yake. Kwenye judo tunaita kuzushi, kumvuruga mtu mizani kabla ya kumtupa, ila kule una nguo ya kushika. Hapa vidole vyangu vilikuwa vikijifunga vyenyewe kwenye mkono wa kijana. Kozi haina somo kwa watu waliotoka kwenye michezo ya kushikana, na ingefaa liwepo. Tulichobuni wenyewe ni kufanya zoezi zima kwa mgongo wa mkono, kiganja kikiwa kimekunjwa.

Peng ilinisumbua sana kwenye maelezo ya mwalimu. Anazungumzia mifupa na pumzi mpaka unasinzia. Wakubwa wa zamani waliieleza kwa maji yanayobeba chombo, na mwalimu anaitaja mara moja tu, kwa haraka, dakika za mwisho za somo. Nilipomtafsiria mpwa wangu (maelezo yote ni Kiingereza, na anayetegemea Kiswahili peke yake hatofika mbali), alinyanyua mkono ukakaa sawasawa papo hapo. Maji hayakusukumi, lakini jaribu kuizamisha boti tupu kwa kiganja.

Kwa bei hiyo unaruhusiwa pia kutuma video yako ya dakika mbili kila wiki, naye anajibu kwa sauti. Huduma hii ni ya kweli, si ya kukariri. Aliona kisigino changu cha nyuma kikinyanyuka, aliona mpwa wangu akizuia pumzi. Asichoweza kukiona ni mgandamizo. Mara mbili alitusifu kwa ulaini siku ambazo sote tulijua tunavutana kama mbuzi. Tuishou ni elimu ya ngozi; Wachina huita ting, kusikiliza, na masikio hayo hayamo kwenye simu. Kilichotusaidia hapo ni kubadilisha watu. Mwenzangu wa judo wa zamani alipoanza kuja, nikagundua kwamba mimi na mpwa wangu tulikuwa tumezoeana tu, kila mmoja akijua mwenziwe atageukia wapi. Kozi ingepaswa kulipigia kelele hili tangu somo la kwanza. Haijalitaja.

Wala haijafikiria kwamba si kila nyumba mwanamme na mwanamke watashikana mikono. Mke wangu hufanya na jirani yake ndani, mchana, na video zote ni za mwanamme na mwanamke pamoja, hivyo kila mara hunifukuza nisije nikashika nafasi ya yule mwanamme wa kwenye video. Wao wawili wametupita. Hawana nguvu za kujivunia, kwa hiyo hawakuwa na cha kusahau.

Masomo yanapakuliwa, jambo kubwa kwa sisi wa bando. Lipia miezi mitatu, pakua daraja la kwanza lote, tuma video zako kila wiki, kisha simamisha malipo.

Daraja la pili silinunui. Sampuli yake ni fajin, kutoa nguvu ghafla: mwalimu anagusa, mwanafunzi anaruka nyuma hadi kwenye godoro la ukutani, tena kwa furaha. Kamera ni moja, upande mmoja. Nilimwandikia nikamwomba anionyeshe mwanafunzi mmoja tu anayekataa kuondoka. Akajibu kwa adabu kwamba hayo huyafanya kwenye semina yake ya Julai, huko huko Ulaya. Mpwa wangu ameuliza kama wenye boti wanapunguziwa.