Darasa la Jioni Kuhusu Madikteta, Makoroboi: Linafaa, Ila Kijitabu Kirekebishwe

Darasa hili ni la Jumamosi sita mfululizo, saa 10 hadi saa 12 jioni, kwenye chumba cha ghorofani jirani na Makoroboi, jijini Mwanza. Ada ni Sh 40,000 pamoja na kijitabu cha kurasa 36. Umeme ukikatika projekta inazimika, lakini mkufunzi anashika chaki na somo linaendelea vilevile.

Kipindi cha kwanza, cha utoto wa madikteta, ndicho dhaifu. Stalin wa Urusi ya Kisovieti alipigwa na baba yake, na Hitler vivyo hivyo. Sawa, lakini mamilioni ya watoto wa enzi zile walichapwa na hawakuja kutawala hata kijiji. Swali zito ni nani aliyewafungulia mlango, nalo linachelewa mno kuulizwa.

Kipindi cha pili kina kosa lisilovumilika. Kijitabu kinasema Hitler alichaguliwa na Wajerumani walio wengi. Si kweli. Mwaka 1928 chama chake, cha Wanazi, kilipata asilimia 2.6 ya kura. Mtikisiko wa uchumi ukakipandisha hadi 37.3 Julai 1932, kisha Novemba mwaka huohuo kikashuka hadi 33.1. Kilikuwa kimeanza kuishiwa pumzi pale Chansela wa zamani, Franz von Papen, alipomshawishi Rais Hindenburg amteue Hitler kuwa Chansela, yaani mkuu wa serikali, tarehe 30 Januari 1933. Katika baraza lile Wanazi walikuwa 3 tu, yeye mwenyewe akiwamo, na wazee waliomwingiza waliamini wamemshika hatamu. Februari jengo la Bunge likaungua, na wakomunisti wakalaumiwa na kukamatwa. Tarehe 23 Machi Bunge likairuhusu serikali yake kutunga sheria bila Bunge. Mwanafunzi akitoka hapo akidhani kura ndizo zilizomweka, amekosa kiini cha somo.

Kipindi cha tatu ndicho cha kukimbilia. Mkufunzi anarudia jaribio la mwanasaikolojia Solomon Asch la miaka ya 1950. Manila moja ina mstari mmoja, ya pili ina mistari mitatu, na kazi ni kutaja upi unalingana na ule wa kwanza. Washiriki saba wamenong'onezwa wajibu uongo. Wa nane hajui kitu. Tatizo ni kwamba hapa darasani uongo unaanza raundi ya kwanza, na watu wanacheka. Asch aliacha raundi mbili za mwanzo zijibiwe kwa usahihi ili yule mmoja aanze kwa kuliamini kundi, na alimweka karibu na mwisho ili asikie kosa likirudiwa kabla ya zamu yake. Bila hayo mawili shinikizo halijengeki. Hata hivyo takwimu zimeelezwa vizuri: takriban robo tatu ya watu walifuata mkumbo angalau mara moja, lakini akiwepo mwenzao mmoja anayesema kweli, majibu ya kufuata kosa yalishuka hadi karibu asilimia 5. Ndiyo maana dikteta humwinda kwanza yule mtu mmoja asiyenyamaza.

Katika kipindi cha nne Stalin anapewa nusu saa tu, na inatosha kuonyesha jinsi ukatibu mkuu wa Chama cha Kikomunisti, alioupata 1922, ulivyomwezesha kupanga watu wake kwenye vyeo.

Kuhusu Idi Amin wa Uganda, kazi ni nzuri kweli. Alipindua serikali kwa jeshi tarehe 25 Januari 1971, Rais Obote akiwa Singapore, na Kampala ikashangilia. Akafungua wafungwa wa kisiasa, akaahidi uchaguzi, akaurudisha mwili wa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda aliyefukuzwa na Obote akafia uhamishoni, uzikwe kwao. Mkufunzi anasimama kwenye tendo hilo la mwisho na kueleza linavyofanya kazi: mtu aliyeponywa jeraha la zamani hachunguzi mkono uliomponya. Pungufu moja: vita vya Kagera vinasimuliwa kama habari ya mbali, ilhali mwaka 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa upande wa Amin, ililenga matangi ya mafuta hapa Mwanza ikakosa shabaha, na mabomu yakaua swala kisiwani Saanane.

Kipindi cha tano ni uchawa, yaani kujipendekeza kwa mtawala. Mfano wa Zaire (Kongo ya leo), ambako taarifa ya habari ya televisheni ilifunguliwa kwa picha ya Rais Mobutu akishuka mawinguni, unaeleweka mara moja. Cha sita, cha namna ya kuwazuia, kimebanwa dakika 40 na maswali yanakatwa. Kile cha utoto kifupishwe, muda wake uhamie huku.

Ukijiandikisha, omba kiti cha mbele. Dirisha la nyuma linaingiza kelele zote za wachuuzi.