MegaSquirt 3 na geji ya AEM kwenye Land Cruiser ya petroli: mchanganyiko kwanza, resi baadaye

Wakuu, habari za leo. Karibuni tena gereji, hapa Arusha. Hii mnayoiona nyuma yangu ni Land Cruiser 80, injini 1FZ-FE, ile ya petroli yenye silinda sita, lita 4.5. Kemshafti imebadilishwa, ekzosi imechomelewa upya. Kompyuta ya kiwandani ilipangwa kwa injini nyingine kabisa, kwa hiyo nimeifungia MegaSquirt 3, kompyuta ya injini unayoipanga mwenyewe, na kwenye ekzosi nimeweka geji ya AEM X-Series, inayoonyesha mchanganyiko wa hewa na petroli. Nimezitumia miezi minne, milimani na kwenye matope.

Naanza na geji, maana bila hiyo kompyuta haina macho. Sensa ya kawaida ya oksijeni inajua mambo mawili tu: mafuta yamezidi au yamepungua. Inapima pale kwenye 14.7, yaani gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Lakini ukikanyaga hadi mwisho, injini isiyo na turbo inataka karibu 12.5 hadi 12.8, na huko sensa ile haikusaidii. Hii ya AEM inatumia sensa ya Bosch LSU 4.9, inakupa namba yenyewe. Ifunge ikiwa imeinama, waya uwe juu, ili maji ya ekzosi yasiituamie. Na usiiache ndani ya ekzosi bila umeme injini ikiwa inawaka, itakufa.

Sasa sikilizeni hili kwa makini. Siku ya kwanza, injini ikiwa sailensa, yaani inawaka bila kukanyaga mafuta, geji ilisoma 16.8. Nikaona mafuta ni machache, nikaongeza. Nikaongeza tena. Mchana mzima. Moshi ukaanza kuwa mweusi, macho yanawasha, namba bado iko juu. Nikazima, nikafungua plagi: masizi matupu. Kumbe kwenye flanji, pale bomba la ekzosi linapoungwa kwa bolti, shubiri moja tu kabla ya sensa, gasketi ilikuwa imekaa upande. Injini ikizunguka polepole, ekzosi inapumua kwa vipigo, na kati ya kipigo na kipigo inavuta hewa ya nje. Nilibadilisha gasketi, namba ikashuka hadi 11 na kidogo. Geji haikunidanganya, ilikuwa inasoma oksijeni iliyokuwepo kweli. Silinda ikimisi, yaani isipowaka, ni hivyo hivyo: oksijeni haijaungua, geji inasema mafuta machache. Kabla hujagusa kompyuta, angalia ekzosi na plagi.

MegaSquirt yenyewe nimeipenda. Unapata jedwali, resi (mizunguko ya injini kwa dakika) upande mmoja, mzigo upande mwingine, na kila kiboksi unakijaza wewe. Programu ya TunerStudio inaweza kukusahihishia jedwali ukiwa unaendesha, ila sehemu hiyo ni ya kulipia, na kwa maoni yangu inastahili. Kinachonifurahisha zaidi ni milima. Ukiwa Tanga hewa ina kilopaskali karibu 101, hapa Arusha ni kama 86, na ukifika ukingo wa kreta Ngorongoro imeshuka hadi karibu 77. Kwa kuwa inapima mgandamizo ndani ya manifoldi, bomba linaloingiza hewa kwenye silinda, petroli inapungua pamoja na hewa. Nimepanda kule geji ikibaki karibu na namba niliyoipanga.

Haya, kikomo cha resi. Wengi mnaniandikia mnataka 6,000. Mimi nawaomba msifanye hivyo. Pistoni ya 1FZ inasafiri milimita 95 kila inaposhuka. Ukitoka 5,000 kwenda 6,000, resi zimepanda asilimia 20, lakini nguvu inayovuta konrodi, chuma kinachoshika pistoni, imepanda asilimia 44. Na kwa nini uende huko? Injini hii ikitoka kiwandani inafikia kilele cha nguvu zake kwenye 4,600. Kemshafti yangu imesogeza kidogo, basi.

Huku kwetu kikomo si cha mashindano. Tairi ikitoka kwenye matope ghafla haina mzigo, na resi zinaruka kabla mguu haujatoka kwenye mafuta. Hapo ndipo konrodi zinapokatika. Nimeweka hatua mbili: 5,000 taiming inarudishwa nyuma, yaani plagi zinachelewa kuwasha, unasikia injini inakuwa nzito, na 5,200 petroli inakatwa. Kukata moto wa plagi peke yake sikutaka, kwa sababu petroli mbichi inaenda kuungulia kwenye ekzosi, na kama una katalisti, kile kichujio cha moshi, utaiua.

Nani anunue? Kama umebadilisha kemshafti au umeongeza turbo, vyote viwili, na geji iwe ya kwanza. Kama injini ni ya kiwandani, nunua geji tu ujue hali yake, hela nyingine weka kwenye tairi.

Naiwasha sasa. Ongezeni sauti, msikie 5,000 inavyokuwa.