HashSet au TreeSet kwa majina ya vijiji vya Lamu?

HashSet na TreeSet ni aina mbili za seti katika lugha ya programu ya Java, yaani mikusanyiko isiyoweka kitu kimoja mara mbili. Kwenye orodha ya abiria wa boti, karani mmoja ataandika "Matondoni", mwenzake "matondoni". HashSet itayaweka yote mawili: inategemea hashCode (namba inayokokotolewa kutokana na neno) na equals (jaribio la kama maneno mawili ni sawa), na equals hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Ni ya haraka, ila haiahidi mpangilio wowote.

TreeSet, ukiipa String.CASE_INSENSITIVE_ORDER (kanuni ya kulinganisha maneno bila kujali herufi kubwa na ndogo), hubakisha lile lililotangulia kuingia, tena hupanga kialfabeti: Faza, Kipungani, Kizingitini. Kwa majina yanayoandikwa na watu, mimi nachagua hii, hata ikichelewa kidogo.

Lakini angalia "Shela " yenye nafasi tupu mwishoni. Hiyo hupenya kote kuwili! Ikate kwa strip(), iliyoletwa na Java 11, kabla ya kuita add() ili kuliingiza jina kwenye seti.