Paneli za Alumini kwenye Uso wa Jengo: Tathmini Baada ya Miaka Miwili

Jengo letu la ofisi, lenye ghorofa nne, lilivishwa paneli za alumini za unene wa milimita 4 miaka miwili iliyopita, na tangu hapo zimepigwa na jua na mvua vya kutosha kuweza kuzitolea tathmini ya haki. Ni nyepesi, zimenyooka, zimeuficha ukuta wa zamani uliojaa mabonde ya plasta, na rangi yake haijapauka.

Hata hivyo, kilicho muhimu zaidi katika paneli hizi hakionekani kwa macho, nacho ni kiini kilichobanwa katikati ya mabati mawili membamba ya alumini. Kiini cha poliethilini ni plastiki inayowaka, na paneli za aina hiyo ndizo zilizosambaza moto kwenye jengo la Grenfell Tower, London, tarehe 14 Juni 2017, ambapo watu 72 walipoteza maisha. Muuzaji wetu alianza kwa kutuonyesha sampuli za rangi, na ilitubidi tudai cheti cha kipimo cha moto mara tatu ndipo tukapata paneli zenye kiini cha madini. Ni nzito na ghali kuliko zile za poliethilini, lakini nisingekubali nyingine. Mkaguzi ahakikishe pia kwamba nafasi ya hewa iliyo nyuma ya paneli, ambayo husaidia kukausha maji yanayopenya, imewekewa vizuizi vya moto katika kila ghorofa, kwa kuwa bila hivyo hupandisha moto kama bomba la moshi.

Kazi ya ufungaji haikuniridhisha. Paneli hutanuka takriban milimita 1.2 kwa kila mita joto lake linapopanda kwa nyuzi 50, lakini mafundi walizibananisha mno upande wa magharibi, na tatu kati yake zimevimba.

Kosa zito zaidi ni la usanifu, na hakuna paneli inayoweza kulirekebisha: madirisha ya upande huohuo yalikingwa kwa vibaraza vya mlalo, ilhali jua la alasiri huwa chini na hupenya moja kwa moja hadi mezani. Vibao vya wima, vilivyoinamishwa kidogo kuelekea upande usio na jua, vingelizuia bila kuwanyima wafanyakazi mwanga, na ndivyo tunavyovifunga sasa, baada ya kulipia kiunzi cha kupandia mafundi mara ya pili.