Fundi wa fliperi na kopo lake la grisi

Nyota moja, na hiyo ni ya kulehemu tu. Fundi huyu anayezunguka kwenye baa za Kamalondo, hapa Lubumbashi, kutengeneza fliperi, zile mashine za kuchezea mpira wa chuma chini ya kioo, msimwite kwa kazi ya vibao, vile vinavyotakiwa kuanguka vikigongwa na mpira. Kwa kazi nyingine, labda.

Shida ilikuwa ndogo: vibao vitatu katika safu ya vitano havianguki. Mpira wa chuma unagonga katikati kabisa, kibao kinatikisika, kinabaki kimesimama, na mteja anadai arudishiwe jetoni yake, kile kisarafu cha kuchezea.

Kioo hakijafunguliwa bado, yeye keshatoa jibu: "Mama, ni umeme wa huku, unashuka." Umeme! Kibao kimekaa juu ya ukingo mdogo wa chuma kwa kijino chake cha plastiki. Mpira ukikisukuma nyuma, kijino kinatoka kwenye ukingo na springi inakivuta chini. Bobini, yaani koili ya umeme, kazi yake ni kuviinua tena. Umeme ukipungua, vibao vitashindwa kupanda, si kushuka. (Zipo mashine zenye bobini ya kuangusha kila kibao, hii haina, na mtu akiinua ubao wa mchezo anajionea mwenyewe.) Kumwambia hivyo, akanijibu: "Mama, uniachie kazi yangu."

Haya, nikamwachia. Akatoa kopo la grisi.

Grisi kwenye vibao, Lubumbashi, kiangazi, na vumbi hili jekundu linaloingia mpaka ndani ya sukari! Mwanzoni vilianguka vizuri, nikamsifu hadi kwa majirani. Halafu grisi ikashika vumbi, ikageuka uji mweusi, na vyote vitano vikaanza kunata.

Anayejua kazi anaanza na kidole. Zima mashine, chomoa waya ukutani, toa mipira, ndipo uinue ubao. Sukuma kibao nyuma polepole. Kikianguka kwa kidole lakini si kwa mpira, basi kinagonga nyuma na kurudi kwenye ukingo kabla springi haijakivuta. Tazama kipande cha sifongo kilicho nyuma yake, mara nyingi kimekauka au kimekuwa unga. Bandika kipya. Kisipoanguka hata kwa kidole, tazama springi: imechomoka kwenye ndoano, au imelegea? Kikikwama nusu njia, ama kinasugua tundu la ubao, basi legeza skrubu za fremu, sogeza kidogo, kaza; ama chuma cha kuinulia hakikurudi chini kabisa na kinakishikilia. Ukingo wenye makwaruzo unapitishwa msasa laini, namba 600 au zaidi, kidogo tu. Usile kona yake: ikiviringika, vibao vitajiangukia vyenyewe kila mashine inapotikisika. Malizia na kitambaa na alkoholi, uache pakavu. Plastiki juu ya chuma haiombi mafuta hapo, hata tone.

Haki yake nimpe. Waya wa taa aliulehemu safi, haujaachia hadi leo, na bei yake haiumi. Kwa hilo nilikuwa nimeshaandika ile nyota moja.

Lakini aliporudi kwa ajili ya grisi yake, hakuifuta. Akazikata springi, mizunguko miwili kila moja, "ziwe kali." Sasa vibao vinaanguka, ndiyo. Ila bobini haiwezi tena kuviinua vyote vitano kwa pamoja dhidi ya mvuto ule. Kimoja kikibaki chini, mashine inapiga tena, inapiga tena, hadi karatasi ya bobini imebadilika rangi na baa nzima inanuka kuungua. Bobini ilikuwa nzima kabla hajaigusa mashine! Springi iliyolegea inabadilishwa kwa nyingine ya kipimo kilekile, na safu nzima kwa pamoja, zivute sawa. Haikatwi kwa koleo.

Basi hata ile nyota moja naiondoa. Na jana amemtuma kijana wake kudai salio la kazi. Alete kwanza springi tano.