Taekwondo: ITF au World Taekwondo?

Ukitaka kujifunza taekwondo, sanaa ya mapigano ya Korea, uliza kwanza klabu iko upande gani, kwa sababu mchezo huu una nyumba mbili.

ITF (Shirikisho la Kimataifa la Taekwondo) ndiyo kongwe. Jenerali Choi Hong Hi aliianzisha Seoul tarehe 22 Machi 1966, ikiwa na nchi tisa, Misri ikiwemo. Alipokosana na utawala wa Park Chung-hee, rais wa Korea Kusini, alihamia Kanada mwaka 1972, na shirika likahamia naye Toronto. Mwaka 1985 likahamia Vienna. Kabla ya hapo, mwaka 1980, Choi alipeleka mchezo Korea Kaskazini, jambo ambalo Kusini haikulisahau upesi. Alifia Pyongyang mwaka 2002, na leo makundi kadhaa yanajiita ITF, kila moja likidai urithi. Hilo linanisikitisha.

World Taekwondo ilizaliwa Seoul mwaka 1973 chini ya Kim Un-yong, ikiungwa mkono na serikali. Ndiyo iliyofika Olimpiki: maonyesho mwaka 1988, medali kamili Sydney 2000.

Ulingoni tofauti inaonekana mara moja. ITF inaruhusu ngumi usoni, kwa glavu. World Taekwondo inazikataza. Mateke ndiyo yanayoleta pointi nyingi, na vifaa vya elektroniki vinazihesabu.

Kwa kijana anayeota Olimpiki, World Taekwondo ndiyo njia. Mimi lakini navutiwa na ITF, hasa mitindo yake 24, yaani mifuatano ya mapigo na mateke iliyopangwa, ambayo mingi ina majina ya mashujaa na matukio ya Korea. Ukijifunza mitindo hiyo, unajifunza historia ya taifa zima kwa mikono na miguu.